Tromsø hadi Longyearbyen: jinsi ya kupima mwenyewe umbali na muda wa ndege huko juu kabisa kaskazini

Mpwa wangu anasoma Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Mwezi Juni alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Nataka kwenda Longyearbyen wikiendi, ila nikitazama ramani ya simu naona ni mbali kuliko Dar kwenda Durban. Si siku zote mbili zitaishia angani?"

Nikamwambia achukue kalamu na kikokotoo. Nilichomwelekeza siku ile ndicho hiki hapa, nikiwa nimekipanua kidogo. Njia hii inafaa kwa viwanja vyovyote viwili vya kaskazini ya mbali, lakini nitashika hivi viwili kwa sababu vinafundisha karibu kila kitu. Tromsø ni mji wa kisiwani, wenye chuo kikuu, na uwanja wake wa Langnes umekuwapo tangu 1964. Longyearbyen ndio mji mkuu wa visiwa vya Svalbard, katikati ya njia kutoka Norwei bara kwenda Ncha ya Kaskazini. Uwanja wake ulifunguliwa 1975. Hakuna uwanja mwingine duniani ulio kaskazini zaidi ya huo unaopokea ndege za abiria za ratiba ambazo mtu yeyote anaweza kukata tiketi.

Hatua ya 1: Usiipime kwa macho kwenye ramani

Mpwa wangu hakuwa mjinga. Ramani nyingi za kwenye simu na tovuti, zikiwa bapa, huchorwa kwa mtindo wa Mercator, ambao hunyoosha nchi kadiri unavyoiacha ikweta. Tanzania na Kenya zinabaki karibu na umbo lake la kweli. Ukifika latitudo ya Tromsø, kila kitu kimevutwa karibu mara 3. Ukifika Longyearbyen, karibu mara 5.

Nilipiga hesabu hiyo baadaye kwa udadisi. Kwenye ramani kama hiyo, mstari wa Tromsø hadi Longyearbyen unachukua nafasi ambayo huku ikweta ingekuwa sawa na kilomita 3,500 hivi. Dar hadi Durban, kwa ramani hiyohiyo, ni kama 2,800. Kwa hiyo macho yake yalimwambia kweli kuhusu karatasi na uongo kuhusu dunia. Kwa kweli, Dar hadi Durban kwa njia ya hewa ni takriban kilomita 2,670, na safari yake yeye ni kama theluthi moja tu ya hiyo. Kama programu yako ya ramani inaweza kugeuka tufe ukivuta mbali, igeuze uone mstari unavyosinyaa.

Hatua ya 2: Andika mahali viwanja vilipo, kwa nyuzi

Kila uwanja una latitudo na longitudo yake, na ukitafuta kwa alama ya herufi tatu inayoandikwa kwenye tiketi huwezi kukosea uwanja. Tromsø ni TOS, Longyearbyen ni LYR.

TOS: latitudo 69.68 Kaskazini, longitudo 18.92 Mashariki.
LYR: latitudo 78.25 Kaskazini, longitudo 15.47 Mashariki.

Angalia kama nyuzi zimeandikwa kwa desimali au kwa dakika. 69°41′ si 69.41, ni 69.68, maana dakika ni 60 katika nyuzi moja. Kosa hili dogo linakupoteza kilomita 30 kabla hujaanza.

Hatua ya 3: Hesabu ya kwenda juu, kisha hesabu ya kwenda pembeni

Hapa ndipo mtu aliyekulia karibu na ikweta anapoteleza, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwenda juu ni rahisi. Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111.2, uwe Mombasa au uwe Svalbard. Tofauti ya latitudo za viwanja vyetu ni 78.25 kutoa 69.68, yaani 8.57. Zidisha kwa 111.2, unapata kilomita 953.

Kwenda pembeni si hivyo. Sisi tumezoea kwamba nyuzi moja ya longitudo nayo ni kama kilomita 111, na kwetu ni kweli: Dar es Salaam ni kilomita 110 na kidogo. Lakini mistari ya longitudo yote inakutana kwenye ncha, kama vipande vya chungwa lililomenywa. Kadiri unavyopanda ndivyo vinavyobanana. Tromsø nyuzi moja ya longitudo imebaki kilomita 39 hivi. Longyearbyen haifiki 23.

Ili kupata upana sahihi, chukua latitudo ya katikati ya safari, tafuta kosaini yake (kitufe cha cos kwenye kikokotoo), uzidishe. Katikati ya 69.68 na 78.25 ni 73.97, na kosaini yake ni 0.276. Hakikisha kikokotoo chako kiko kwenye nyuzi na si kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Ukiona kosaini ya 74 imetoka 0.17, kiko kwenye radiani, kirekebishe. Tofauti ya longitudo ni 3.45. Basi: 3.45 mara 111.2 mara 0.276 ni kilomita 106.

Sasa una pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, 953 kwenda juu na 106 kwenda pembeni. Kanuni ya Pythagoras ya darasani inatosha: 953 kwa kipeo cha pili ni 908,209, 106 kwa kipeo cha pili ni 11,236, jumla 919,445. Kipeuo chake cha pili ni 959.

Kanuni ya tufe, ile wanayotumia wataalamu na programu za urukaji, inatoa 958. Tumepishana kilomita moja. Kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazitumia, ni 517.

Ungesahau kosaini ungepata 1,027, yaani ungeongeza karibu kilomita 70 za bure.

Njia hii ya mkato ina mpaka wake. Inafaa pale longitudo zinapokaribiana. Ukitaka umbali wa Tromsø hadi Utqiaġvik, Alaska, Pythagoras atakudanganya vibaya, kwa sababu viwanja hivyo viko karibu kila kimoja upande wake wa ncha: tofauti ya longitudo ni nyuzi 176 hivi. Ukifuata mstari wa latitudo ungezunguka zaidi ya kilomita 6,500. Njia fupi inakatiza karibu kabisa na Ncha yenyewe, na hesabu yake ni nyepesi ajabu: Tromsø imebakiza nyuzi 20.3 kufika 90, Utqiaġvik imebakiza 18.7, jumla 39, mara 111.2, takriban kilomita 4,340. Hakuna ndege ya ratiba inayofanya hivyo, lakini ni zoezi zuri la kumpa mtoto wa sekondari anayelalamika kwamba kosaini haina kazi mtaani.

Hatua ya 4: Geuza kilomita kuwa dakika

Njia ya Tromsø na Longyearbyen huendwa na ndege za ukubwa wa Boeing 737 au Airbus A320. Zikishatulia juu zinakwenda karibu kilomita 830 kwa saa. Gawanya: 958 kwa 830 ni saa 1.15, yaani dakika 69.

Usiishie hapo. Ndege haianzi na kumaliza kwa mwendo huo. Inatambaa kutoka langoni hadi kwenye njia ya kurukia, inapanda polepole, inashuka polepole, inatambaa tena. Kwa ndege za aina hii mimi huongeza dakika 30 kwa ajili ya hayo yote, iwe safari fupi au ndefu. Inakuja dakika 99, yaani saa 1 na dakika 39. Ratiba za njia hii huzungukia hapohapo, saa 1 na dakika 35 hadi 45.

Ukitaka kujua kama kanuni inakufaa, ijaribu kwenye safari unayoijua. Dar hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi. Gawa kwa 830, ongeza 30, unapata kama saa moja na nusu. Aliyewahi kuipanda kwa ndege ya jeti atakubali. Kwa ndege ya mapangaboi usitumie 830; tumia 500 hadi 600 kutegemea aina.

Hatua ya 5: Upepo, kwa kifupi

Watu huuliza kwa nini safari nyingine kwenda ni ndefu kuliko kurudi. Ni upepo wa juu, ambao huko kaskazini mara nyingi huvuma kutoka magharibi. Lakini safari yetu inaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, ikiinama nyuzi 5 tu kushoto, kwa hiyo upepo huo unaipiga ubavuni. Upepo wa ubavuni wa kilomita 100 kwa saa unakuchelewesha kama nusu dakika. Upepo huohuo ungekupiga usoni, ungekula dakika 9 na zaidi. Ndiyo maana kwenda na kurudi hapa ni muda uleule kwa karibu, na ukiona tofauti kubwa kwenye ratiba tafuta sababu nyingine.

Sababu moja iko mwishoni mwa safari. Njia ya kurukia ya Longyearbyen imelala mashariki na magharibi, kandokando ya ghuba, na milima imeizunguka. Ndege inayotoka kusini haiwezi kushuka moja kwa moja. Inazunguka ikaingie kwa upande wa Isfjorden au kupitia bonde la Adventdalen. Milima hiyo si ya kufanyiwa mzaha. Mwezi Agosti 1996 ndege ya Urusi iliyoleta wachimba makaa na familia zao iligonga mlima Operafjellet, si mbali na uwanja, na watu wote 141 wakafa. Rubani akichagua kuzunguka kwa mbali, mwache.

Hatua ya 6: Linganisha saa zote tatu

Norwei bara na Svalbard hutumia saa moja, kwa hiyo hapo hakuna hesabu. Hesabu iko kwa wewe uliyeko nyumbani unayemsubiri mtu. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 2 majira ya baridi, na saa 1 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wenzetu wanaposogeza saa zao.

Kisha kuna saa yetu ya Kiswahili. Tiketi ikiandika 11:00, ni saa tano asubuhi. Ongeza saa 1 na dakika 39, anatua 12:39, saa sita na dakika thelathini na tisa mchana. Kama ni Januari, Dar inakuwa saa nane na dakika thelathini na tisa. Kwenye karatasi yako andika zote, usitegemee kichwa. Nimeona mtu akienda kupokea mgeni akiwa amekosea kwa saa sita nzima, kwa sababu aliyempigia alisema "saa moja" na hakusema ya wapi.

Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza na inageuka linapotua. Huko Longyearbyen jua halitui kabisa tangu kama 20 Aprili hadi kama 22 Agosti, halafu halichomozi tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari. Hata likishachomoza, milima inauficha mji, na wenyeji hulisubiri hadi 8 Machi liguse ngazi za iliyokuwa hospitali yao ya zamani. Wanafanya sherehe ya wiki nzima. Mswahili akifika Desemba akasema "saa sita mchana", ni giza la saa sita usiku. Shika saa 24, achana na dirisha.

Hatua ya 7: Ongeza muda wa ardhini, ambao ndio mrefu

Hapa kilomita hazina kazi tena.

Svalbard iko chini ya Norwei kwa mkataba uliotiwa saini Paris Februari 1920, lakini haimo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya ambazo watu huvuka mipaka yake bila kukaguliwa pasipoti. Maana yake, ukitoka Tromsø unavuka mpaka: pasipoti inakaguliwa, hata kwa aliyepanda ndege Oslo akidhani anapita tu. Ndege inayotoka Oslo ikisimama Tromsø, abiria wa Svalbard hushuka na mizigo ya mkononi, hupita kwa askari wa mpaka, kisha hurudi ndani ya ndege ileile. Usisinzie.

Svalbard yenyewe haidai viza. Lakini utaingiaje bila kupita Norwei bara, na utarudije? Msafiri anayehitaji viza ya Schengen aombe ya kuingia mara mbili au zaidi, maana safari ya kurudi Tromsø inahesabiwa kuwa kuingia upya. Jambo hili limewaumiza watu wengi kuliko baridi. Mpwa wangu ana kibali cha kuishi Norwei kwa hiyo hakuguswa nalo, ila alimkumbusha mwenzake siku tatu kabla ya safari, na mwenzake akabaki.

Majira ya baridi ongeza dakika 15 za kunyunyizia ndege dawa ya kuyeyusha barafu kabla ya kuruka. Ukiona wanapulizia mvuke na maji ya rangi kwenye mabawa, hakuna kilichoharibika.

Halafu kuna ukungu, hasa kiangazi. Ndege ikifika Longyearbyen na kushindwa kutua, haina pa kwenda karibu. Kiwanja cha Ny-Ålesund ni kidogo, cha ndege ndogo. Kwa hiyo ndege hubeba mafuta ya kurudi bara, na wakati mwingine inarudi kweli: umepaa kilomita 958, umezunguka, umerudi 958, na uko Tromsø ulikoanzia. Ardhi nayo ina vituko vyake. Uwanja umejengwa juu ya udongo ulioganda mwaka mzima, tabaka la juu huyeyuka kiangazi na kusogea, na njia ya kurukia imekuwa ikihitaji matengenezo tangu mwanzo. Ushauri wangu ni usipange jambo la maana siku unayofika wala usiunganishe ndege ya kimataifa siku unayorudi. Acha usiku mmoja katikati.

Hatua ya 8: Jumlisha mlango kwa mlango

Tromsø mjini hadi uwanjani ni kilomita chache, weka dakika 20. Kufika mapema kwa ajili ya mizigo na pasipoti, saa 2. Ndege, saa 1 na dakika 40. Kusubiri mzigo, nusu saa. Ukumbi ni mdogo na dubu mweupe aliyekaushwa amesimama katikati ya mkanda, kila mtu anampiga picha badala ya kuangalia begi lake. Basi la uwanja hungoja abiria na kuwashusha kwenye hoteli moja moja. Mji uko kilomita 5 hivi, weka dakika 20. Usijaribu kuondoka mjini kwa miguu bila mtu mwenye bunduki, kwa sababu dubu hai hawako kwenye mkanda.

Jumla: saa 4 na dakika 50. Angani ni theluthi moja tu.

Kwa anayetoka kwetu, hesabu ile ile inaendelea kurudi nyuma. Oslo hadi Tromsø ni kilomita 1,115 hivi. Ukitumia kanuni ya hatua ya 4 unapata karibu saa 1 na dakika 50. Kuna pia ndege za Oslo hadi Longyearbyen bila kusimama, kilomita kama 2,020, saa 3 kasoro kidogo. Kabla ya Oslo una Doha, Istanbul au Amsterdam. Panga angalau siku mbili. Mbegu kutoka ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha miti kilichoko Nairobi, zilishawahi kufunga safari hiyo. Zimelala kwenye ghala la mbegu la dunia lililofunguliwa 2008 ndani ya mlima unaotazama uwanja huo, na unaweza kuuona mlango wake ukiwa barabarani.

Mpwa wangu alikwenda. Ujumbe ulioingia kwenye simu yangu ulisema: "Mjomba, nimefika salama, saa saba." Nikamuuliza, ya mchana au ya usiku? Akatuma picha: jua kali juu ya ghuba, watu wamevaa miwani, theluji inang'aa milimani. Niliiangalia picha ile kwa muda, mwishowe nikampigia anijibu kwa mdomo.